Mwaka Kompyuta Yetu Ilipokwenda Risaga

Nyumba ya Mama Mafuru pale Nyasura imepakwa rangi mpya ya kijani, rangi ambayo mwenyewe angesema ni ya zahanati, na wanawe wameipangisha. Nilikwenda huko Bunda majuma machache baada ya kumzika, kwa sababu Nyanjige, binti yake wa mwisho, alinipigia simu akasema, "Dada Zubeda, njoo tutoe vitu vya Mama. Peke yangu nitabaki nanusa khanga tu mpaka jua lizame." Nyanjige siku hizi ana miwani ya kusomea na tabia ya kukemea watu, mimi nikiwa wa kwanza, ingawa nimemzidi umri. Tulitoa sufuria, madumu, viti vilivyovunjika miguu, na katika chumba cha nyuma tukaikuta ile kompyuta, kioo chake cha chogo kimegeuzwa ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa. Mafuru, kaka yake, alikuwa ameagiza itupwe. "Itupwe tu," Nyanjige akasema, kisha akakaa sakafuni mbele yake, nami nikakaa, tukaanza kucheka, na kucheka kukageuka kulia, na mpangaji akachungulia mlangoni akarudi nyuma taratibu. Sikuweza kumweleza yule kijana wa watu kwa nini wanawake wawili wazima wanakililia chuma kibovu. Acha nimweleze hapa.

Mwaka ule nilikuwa mwalimu mpya, nimepangiwa sekondari moja ya Bunda, nimetoka Mukendo mjini Musoma na begi moja na majivuno mengi. Habari za kwetu naziruka, kila mtu ana kwao. Nilipanga chumba kwa Mama Mafuru, na ukuta wa chumba changu ndio uliokuwa ukuta wa sebule, tofali moja tu bila lipu ya maana, kwa hiyo sikuwa na haja ya redio. Sebule ile naiona mpaka leo: makochi yenye vitambaa vya kufuma mgongoni na mikononi, friji iliyokaa sebuleni kwa heshima yake, kalenda ya kanisa, na pembeni ya dirisha meza ya kompyuta, nayo imevikwa kitambaa chake. Chakula kilikuwa ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama, mweusi, mzito, na furu au dagaa wa ziwani, na mgagani uliopikwa na maziwa mpaka uchungu wake ukalainika. Siku za kuku Mama Mafuru hakukubali kuchinja mwenyewe wala kumwachia mtu wa kwake. Alimbeba kuku kwapani mpaka kwa Mzee Sadi, fundi cherehani wa jirani, ili Mwislamu amchinje nami nile. Sikumwomba. Juma la kwanza tu alisema, "Nyumba yangu hailagi huku mtu mmoja akitazama wengine," na mjadala ukaishia hapo.

Kompyuta aliileta Mafuru, aliyekuwa akifanya kazi Mwanza katika ofisi iliyobadilisha vifaa vyake. Kwa miezi kadhaa haikuwa na kazi ila kunichapia mitihani ya shule. Alipokuja mapumziko ya Krismasi alichomeka kijiti cha intaneti, akaketi hapo siku nzima, na jioni nikasikia kupitia ukuta akimweleza mama yake.

"Hii mashine inakaaga bure, Mama. Unaifunika kitambaa, lakini ina nguvu. Sasa kuna watafiti wa dawa, wana hesabu nyingi hawawezi kuzimaliza wenyewe. Wanazikata vipande vipande, wanatuma kwa watu dunia nzima. Kompyuta yako ikiwa haina kazi inafanya kipande chake, inarudisha jibu."

"Wanalipa?"

"Hawalipi. Ni kujitolea."

"Wakimaliza la huyu, wanaendaga kwa mwingine?"

"La huyu lipi?"

"Ugonjwa. Wakimaliza huu wanaingia mwingine?"

"Ee. Wanafanyaga magonjwa mengi."

"Na la damu?"

Nilimsikia Mafuru akikunja waya. "Na la damu litafika, Mama," alisema, na kesho yake akapanda basi kurudi Mwanza. Nimeyapima maneno yale miaka mingi na sioni uongo ndani yake. Alikuwa mtoto anayemjibu mama yake huku akili iko kwenye waya.

Ila Mama Mafuru alikuwa mtu wa Butiama, na kule kuna kitu kinaitwa risaga. Kwa asiyekijua, ni kazi ya pamoja: leo majirani wote wanakuja na majembe kwenye shamba lako, wewe unapika, siku nyingine iliyopangwa, wewe na jembe lako mnakwenda kwa mwenzako. Halipwi mtu. Kinachotunzwa ni zamu. Aliyekuja kwako lazima uende kwake, na asiyekwenda kwa wenzake atajikuta siku yake ikifika amesimama shambani na sufuria zake, akitazama barabara. Basi yeye aliyasikia maelezo yote ya Mafuru, ya hesabu na vipande na dunia nzima, akayaelewa barabara kabisa, kwa njia hiyo. Ilikuwa risaga. Watu wa mbali wana shamba kubwa la ugonjwa fulani, kila nyumba inatoa jembe lake, likiisha hilo wanahamia la mwenzao, na mwisho watafika Nyasura kwa Nyanjige mwenye sikoseli. Mimi niliyesoma mpaka chuo nilikuwa sijaielewa ile programu hata nusu ya hapo.

Kitambaa kilitolewa siku ileile, kwa kuwa hakuna anayelima amejifunika shuka. Vumbi la barabarani lilifutwa asubuhi na mchana. Kuku walipigwa marufuku sebuleni, na wageni wakapigwa marufuku kugusa panya wa kompyuta, kwani ukimgusa, ile picha ya kazi, vishanga vya rangi rangi vilivyokuwa vikijizungusha polepole kwenye kioo, hupotea. Nikikaa kuchapa mtihani wangu Mama Mafuru alisimama nyuma yangu na mwiko. "Mwalimu, chapa haraka. Umemtoa mwenzako shambani." Umeme ukikatika alitoka barazani akautazama ule waya wa nguzoni kwa hasira, na ukirudi aliwahi kuhakikisha kazi imeanzia pale ilipoachia. Ilianzia palepale, na hilo lilimpendeza kuliko yote. "Haisahaugi mstari wake," aliwaambia majirani. Na kipande kimoja kilipofika mwisho, Nyanjige akapaza sauti, "Mama, imemaliza!", basi siku hiyo palipikwa uji wa ulezi sufuria kubwa, wanawake wa jirani wakaitwa, Mzee Sadi akapelekewa kikombe chake kwenye cherehani. Nilipouliza kwa nini tunapika sisi wakati shamba ni la wengine, alinitazama kama mtu asiye na kwao. "Mwenye shamba yuko mbali, hawezi kutupikia. Tusimwaibishe."

Nilicheka sana miezi ile ya kwanza, sikatai. Kisha mvua za masika zikaja na baridi yake, na mchana mmoja nimerudi kutoka shule nikamkuta Nyanjige kwenye kochi amejikunja, macho yamekuwa ya manjano, anauma kona ya khanga asipige kelele. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Maumivu ya sikoseli sikuwa nimewahi kuyaona. Nilidhani ni ugonjwa wa kuishiwa damu tu, wa kuchoka choka. Yule msichana aliumwa mifupa kana kwamba kuna mtu ndani yake anaivunja. Mama Mafuru alimkanda mapaja kwa maji ya moto, akamnywesha maji kikombe baada ya kikombe, na huku akitafutiwa gari la kumpeleka hospitali alimgeuza kichwa kuelekea kwenye kioo. "Vumilia, mama yangu. Angalia, wanalima. Unaona? Wanalima." Nilitoka nikaenda kusimama uani. Mama Mafuru alikuwa ameshamzika mtoto mmoja kwa ugonjwa huohuo, kaka yake Nyanjige, kabla hajafikia umri wa kuanza shule, na picha yake ilikuwa pale juu ya friji. Tangu siku hiyo sikuicheka tena kompyuta.

Nyanjige alipata nafuu, na katikati ya mwaka akachaguliwa kwenda chuo Musoma, kozi ya maabara. Nyumba ilifurahi. Mama Mafuru alitangaza kanisani, akatangaza sokoni, akamtangazia hata kondakta asiyemjua. Baada ya siku chache nikasikia kupitia ukuta akisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayepanga mboga ya kesho, "Utaenda mwakani."

"Mwakani nafasi haipo, Mama. Nafasi ni sasa."

"Musoma kuna upepo wa ziwa. Asubuhi baridi, jioni baridi. Bweni halina mtu wa kukukanda. Tulia hapa tungoje zamu yetu, haiko mbali. Ikifika utaenda umepona, utasoma chuo chochote."

Nyanjige hakubishana. Alizoea kutunzwa, na mtu anayetunzwa hujifunza kubishana kimoyomoyo. Lakini kesho yake, tukiwa jikoni uani tunachambua dagaa, tukiwatoa mchanga na vijiti, aliniuliza bila kuinua kichwa, "Dada, umewahi kusoma huo mradi ni wa nini?"

Nikasema hapana.

"Mimi nimesoma. Nimesoma na dikshenari, neno kwa neno. Ni saratani ya watoto wadogo. Nikatafuta kwenye miradi yao mingine yote. Sikoseli haimo. Haimo hata kwenye ile inayokuja."

"Tangu lini umejua?"

"Tangu kabla ya masika."

Nilimtazama. Maana yake alikuwa anajua siku ile anaumwa, kichwa chake kimegeuzwa kwenye kioo. "Na Mama hujamwambia?"

"Mama analala siku hizi, Dada. Wewe hukumkuta zamani. Zamani alikuwaga anakesha kwenye kochi ananisikiliza kama napumua. Sasa anajifunika, analala. Nimwamshe?" Akatupa kijiti, akashika dagaa wengine. "Lakini chuo nakitaka. Nakitaka mpaka kinaniuma."

Sasa naona hakuwa akiniomba jibu. Alitaka tu mtu mmoja ajue. Tangu siku hiyo tulikuwa wawili tunaosikiliza "wanalima, wanalima" tukitazamana, na tarehe ya kuripoti chuoni ikisogea.

Shule zilipofunga tulikwenda Butiama, kwa dada yake Mama Mafuru, ambaye sote tulimwita Mama Mkubwa. Zamu ya risaga ilikuwa imefika kwake, palizi ya mihogo, na Mama Mafuru, ingawa alikuwa mtu wa mjini siku nyingi, hakuwahi kuikosa. Wanawake walijipanga kando ya shamba, kila mmoja na mstari wake wa kupalilia mpaka kwenye yale mawe makubwa upande wa pili. Nami nikapewa jembe, wakanicheka ninavyolishika, wakanipa mstari mfupi. Nyanjige alikatazwa. Akawekwa kando ya sufuria za mapishi pamoja na watoto wachanga, na mama yake akachukua mistari miwili, wake na wa binti yake, akawa anapalilia huku na huku, jasho linamtoka, ili mtu asije akasema nyumba yake imepungua mkono. Alikuwa mtu wa makamo wakati huo na magoti yalikuwa yameanza kumsumbua.

Mwanamke wa mstari wa jirani akauliza, "Huyu msichana si tulisikia amepata chuo?"

"Amepata," Mama Mafuru akajibu, bila kusimamisha jembe. "Lakini anangoja. Sisi kule Nyasura tunalimaga kwa mashine, ugonjwa wa wenzetu. Wakimaliza wanakuja kwetu. Zamu yetu ikitoka, ataenda mzima."

Nyanjige alikuwa amefika na jagi la maji, akimnywesha mtu wa mstari wa kwanza. Nilimwona akilitua chini. Akavuka mistari mpaka kwa mama yake, akashika mpini wa jembe, si kwa kunyang'anya, kwa kushika tu.

"Mama. Hawaji kwetu."

"Nenda kivulini."

"Nimesoma, Mama. Ile mashine inatafuta dawa ya saratani ya watoto. Yetu hawana. Hawajaipanga. Hakuna zamu yetu pale."

Majembe yakasimama. Mtu mmoja alicheka kidogo, nadhani kwa kutojua afanye nini. Kisha Mama Mkubwa, aliyekuwa mwenye shamba, akauliza kwa upole kabisa, "Kwa hiyo muda wote huu mmelima kwa nani?" Halikuwa swali la kejeli. Mama Mafuru alitoa mkono wa Nyanjige kwenye mpini, kidole kimoja kimoja, akainama, akamaliza mstari wake mpaka kwenye mawe, akarudi akamaliza na wa binti yake. Mstari wa risaga hauachwi katikati. Wakati wa kula alinawa, akamega ugali kama wengine, akasifia furu waliokaushwa vizuri, akaongea habari za mvua. Njiani kurudi, pale Kiabakari tulipobadilisha gari, alinunua ndizi akatugawia, yeye hakula. Nilimwonea huruma yule mama kuliko nilivyowahi kumwonea mtu yeyote, na huruma yangu ilikuwa haina kazi ya kufanya.

Tulipofika nyumbani alizima kompyuta ukutani, akachukua kitambaa chake cha kufuma, akaivika. Siku zilizofuata hakumkasirikia Nyanjige, na hilo lilimtesa Nyanjige zaidi. Alipika, alifua, alikwenda sokoni. Lakini kupitia ukuta nikaanza kusikia kitu kipya: springi za kochi, zikilia taratibu kila alipogeuka. Alikuwa amerudi kukesha pale, akisikiliza. Nyanjige alifungua sanduku lake la chuo akalifunga, akalisukuma chini ya kitanda. "Nimemwamsha," aliniambia, "na chuo sijapata. Nimeharibu vyote."

Jumamosi moja mchana nilikuwa mezani kwangu nasahihisha daftari, mlango uko wazi, Mama Mafuru akaingia, akaketi kitandani kwangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mkononi alikuwa na kile kitambaa, amekikunja.

"Mwalimu. Hao watoto wa saratani wako wapi?"

"Kila mahali, Mama. Nchi za mbali, na hata hapa kwetu wapo."

"Wana mama zao?"

"Wanao."

"Hao mama wananijua?"

Ningeweza kumpambia jibu. "Hawakujui, Mama."

Akatikisa kichwa polepole. "Mimi nilikuwaga nadhani wananiona. Nikifuta lile vumbi nilikuwaga nasema moyoni, wanaona, huyu mama wa Bunda haibi zamu." Akanyoosha kitambaa juu ya goti, akakikunja tena. Nikaanza kusema kwamba huenda ipo siku watafiti wataifikia sikoseli, kwamba dunia ni kubwa, na maneno mengine ya kitabuni. Alinikatiza. "Siku gani? Wewe ulikuja risaga, uliona. Inakuwaga na siku yake. Jumanne ni kwa fulani, Alhamisi ni kwako, unasaga unga ukijua. Hiki hakina siku, Mwalimu. Kitu hakina siku, namfungiaje mtoto ndani nikikingoja?" Hapo sauti ikamvunjika. "Nilimzika kaka yake. Nilisema huyu nikimkalisha karibu, nikamwangalia kila saa, hataondoka. Lakini hata hapa karibu anaumwaga. Anaumwa mimi namwangalia."

Nililia mimi kwanza, kisha yeye. Akajifuta kwa kile kitambaa, akainuka akaenda sebuleni, nikasikia kompyuta ikinguruma. Ilichukua muda wake, kama kawaida, kisha mwanga wa vile vishanga ukaonekana ukutani. "Walimiwe tu," alisema, akiwa peke yake pale. "Mama zao hawana kosa." Halafu kwa sauti ile ya siku zote, ya kufika mpaka barabarani: "Nyanjige! Masweta yako yako wapi?"

Watu niliowahi kuwasimulia huniuliza kama zile hesabu zilifika popote, kama kuna mtoto aliyepona kwa umeme wa Nyasura. Sijui. Hakuna aliyetuandikia, na sitabuni. Dawa anayomeza Nyanjige leo, iliyompunguzia maumivu kwa kiasi ambacho mwaka ule hatukukiota, ilipatikana kwa njia nyingine kabisa na mikono ya watu wengine ambao nao hatuwajui. Ninachojua ni kwamba ile mashine iliendelea na kazi yake mpaka ilipokufa yenyewe, na kwamba tangu Jumamosi ile Mama Mafuru hakupika tena uji wa kumaliza kipande. Alifuta vumbi tu, akapita.

Kwenda Musoma tulikwenda watatu, kwa kuwa alikataa binti yake apelekwe na mwalimu peke yake. Bweni lilikuwa chumba kirefu kilichogawanywa kwa makabati, na upande wa Nyanjige walilala wasichana wengine wanne, vitanda vya juu na chini, dirisha linatazama ziwa. Mama Mafuru alilitazama lile dirisha kama adui. Kisha akaketi kitanda cha chini, akafungua hotipoti kubwa aliyoibeba mapajani tangu Bunda, na harufu ikawaleta wasichana wote. Kuku, aliyechinjwa na Mzee Sadi, maana hakujua atakutana na nani. Waliona haya, akawalazimisha. Alingoja mpaka mifupa ikabaki mitupu, ndipo akafunika hotipoti.

"Mmekula," alisema. "Sasa kazi."

Nyanjige alijifunika uso. Mama Mafuru hakumjali. Akawaeleza sikoseli ni nini, kwa maneno machache, bila kulia na bila kutisha. Asha, binti mwembamba wa mitaa ya kwetu Mukendo, akapewa maji: huyu asikae bila kunywa, hata darasani. Mwingine akapewa sweta na lile dirisha. Mwingine akapewa macho: yakiwa ya manjano, usimngoje aseme, hatasema. Wa mwisho, Ghati, msichana wa Tarime mwenye mabega mapana, ambaye kula kwake kulikuwa kumenivutia, akapewa hospitali: aijue njia, awe na namba ya gari. Ghati alilamba vidole akauliza, "Sawa, Mama. Na yeye atatulimia nini?" Wenzake wakamfinya, kumbe swali lilikuwa ndilo lenyewe. Mama Mafuru alimgeukia binti yake, akangoja.

"Kemia," Nyanjige akasema, akiutoa uso kwenye mikono. "Nitawafundisha kemia."

"Basi hiyo ni risaga," Mama Mafuru akasema, akainuka kwa magoti yake yale. Mlangoni alimshika binti yake kichwa kwa mikono yote miwili, akamwachia haraka, akatoka bila kugeuka. Tulipofika stendi ndipo alipotafuta ukuta wa kuegemea.

Nyumba ya Nyasura ilikuwa kubwa sana baada ya hapo. Tulikula mezani wawili, na yeye akawa ananipakulia mafungu ya watu watatu. Simu aliifunga kwenye pindo la khanga, hakuiacha hata akienda kuoga. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza, na mchana mmoja, tukiwa barazani tunatazama maji yakishuka kwenye mfereji, simu ikalia, akaibonyeza iseme kwa sauti kubwa kwa kuwa masikio hayakuwa yakimtosha.

"Mama, shikamoo. Usishtuke." Sauti ya Nyanjige ilikuwa ya kukwaruza, ya mtu aliyelia sana kisha akalala. "Niko hospitali. Tangu jana. Niliwakataza wasikupigie mpaka niweze kuongea mwenyewe. Nimepata nafuu."

Mama Mafuru alikuwa amesimama, kiatu kimoja mguuni. "Nakuja."

"Usije, Mama. Wanasema kesho naruhusiwa. Kesho kutwa nina mtihani."

Nilimwona akikitafuta kiatu cha pili kwa mguu, akikipata, akisita. Mvua ilipiga bati kwa muda mrefu.

"Nani yuko hapo na wewe?"

"Asha yupo. Ndiye aliyeona kwanza, nilikataa maji." Nyuma yake sauti za wasichana zikaamkia kwa pamoja. "Wa sweta yupo, kalala hapa miguuni. Wa macho yupo."

"Na yule mlaji?"

"Ghati? Gari lilikwama matope, Mama. Alinibeba mgongoni mpaka geti la hospitali. Yuko hapa anamalizia uji wangu."

Mama Mafuru aliishusha simu kifuani, akaishikilia hapo kwa mikono miwili, huku Nyanjige akiendelea kuita "Mama? Mama?" kutoka ndani ya khanga. Akavua kile kiatu kimoja. Akaketi. Nilidhani atalia, lakini alinigeukia na uso ambao sikuwahi kumwona nao mwaka mzima, uso wa mtu aliyesimama asubuhi shambani kwake peke yake, akitazama barabara, na majembe yakaanza kutokea.

"Wamekuja wote, Mwalimu," alisema. "Hakuna aliyebaki nyumbani."